Mtoto Asiyegombezwa

Nyie mnaotoka vyuoni na vyeti ambavyo wino wake haujakauka, nasikia siku hizi mnafundishwa somo zima la namna ya kumfanya kila mtoto ajisikie yuko kwao darasani, awe wa rangi yoyote, wazazi wake wawe wametoka popote. Binti wa jirani yangu hapa Bellevue, anayesomea ualimu na ndiye aliyenibembeleza niandike haya, alinionyesha kitabu cha somo hilo. Ni kizito, unaweza kuzuilia mlango siku ya upepo. Nilitafuta humo neno ufagio, sikuliona. Nikatafuta neno kugombeza, nalo halimo. Basi nikavaa miwani nikakaa chini kuandika, maana naona bado nina kazi, ingawa nimeshastaafu na kupewa saa ya ukutani.

Nilifundisha darasa la tano katika shule moja ya msingi hapa Johannesburg. Jina la shule nitalimeza. Nilikuja kutoka Tanga nimemfuata mume, mume akaenda zake, mimi nikabaki na chaki. Watoto wangu walikuwa Wazulu, Wasotho, Wakongo, Wazimbabwe, Wanaijeria, Watanzania kina sisi, na kila mwaka hakukosekana mmoja ambaye wazazi wake walihamia kutoka mahali ambapo sote tulilazimika kupatafuta kwenye ramani. Wakati wa mapumziko huwezi kuwatofautisha. Wote walikuwa wa mtaa uleule, wakigombania chipsi za spaza ileile, kiduka cha kona. Shida ilianza sisi watu wazima tulipoamua kuwasaidia.

Tulikuwa na kamati. Iliitwa Kamati ya Ujumuishi, na ilikutana katika chumba cha pembeni kilichofungwa kwa ufunguo ili watoto wasiingie. Mwenyekiti alikuwa mkuu wetu wa shule, Bi Naidoo, mama mwenye moyo mzuri na hofu nyingi. Mimi nilikuwamo kama mwakilishi wa Afrika. Sitanii. Kwa kuwa nimezaliwa Tanga, nilikabidhiwa bara zima, ukiondoa nchi tuliyokuwa tumekaa. Niliulizwa Wasomali wanakula nini asubuhi. Niliulizwa Warundi wanaomboleza vipi. Niliulizwa kama Wakongo wataudhika tukibandika picha ya twiga. Niliyajibu yote kwa uso mkavu, na wao wakaandika.

Kazi ya kwanza kubwa ya kamati ilikuwa ukuta wa mikono. Ukuta wa mbele, unaoonekana kutoka barabarani ukisimama kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, ulipangwa ujae viganja vya watoto wetu wa rangi zote. Siku ilipofika ikaonekana kwamba viganja halisi vya watoto vina tabia ya kumwaga rangi na kuchafua ukuta. Akaletwa fundi kutoka Midrand, mtu mzima mwenye ndevu, akachora viganja vya watoto kwa brashi, tena kwa ustadi. Watoto wenyewe wakakatazwa kuvigusa. Kila mgeni aliyekuja shuleni alipigwa picha mbele ya viganja vile, na watoto wetu walikuwa nyuma ya kamera wakiambiwa wasipige kelele.

Halafu kuna meza ya Kiswahili, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Bi Naidoo alisoma mahali kwamba mtoto hutulia akikaa na wenye lugha yake. Akakusanya watoto wote ambao wazazi wao husema Kiswahili, wa Lubumbashi, wa Bujumbura, wa Zanzibar na wa Kisumu, akawaweka meza moja. Alinijia ameng'aa uso. "Ma'am Mwanaidi, sasa watajisikia wako nyumbani." Nikaenda kuwasikiliza. Walikuwa wanazungumza Kizulu, kwa sababu ndiyo lugha waliyokuwa wanachezea mpira. Kiswahili walikitumia kwa shughuli moja tu: yule wa Zanzibar kumcheka yule wa Lubumbashi, na yule wa Lubumbashi kumwambia mwenzake kwamba anasema kama mtangazaji wa redio. Kabla ya wiki kwisha kila mmoja alikuwa amehamisha kiti chake, kimya kimya, kurudi kwa rafiki zake, na hakuna mjumbe wa kamati aliyetambua.

Sasa msidhani kwamba kamati haikuwa na sababu. Kuna majira mji huu unachafuka, wageni wanasakwa. Maduka ya Wakongo na ya Waethiopia yanafungwa mapema, na wazazi wanakuja kuchukua watoto saa za masomo, wamesimama getini hawataki hata kuingia. Siku kama hizo nimekaa na darasa ambalo nusu yake haipo, na wale waliokuja hawaniulizi chochote kwa sababu majibu wameyasikia nyumbani. Hofu ya Bi Naidoo ilikuwa ya kweli. Ila alikuwa anaitibu kwa mabango.

Aliyenifundisha kazi hakuwamo kwenye kamati, maana mikutano yao iliingiliana na chai yake. Alikuwa Ma Nkosi, mwalimu wa Kizulu wa darasa la jirani, mwanamke mwenye sauti ya kufungulia milango. Siku moja mwanafunzi wake mmoja alimwita mwenzake kwerekwere. Hilo ni neno ambalo mkifundisha hapa mtalisikia kabla hamjamaliza kusahihisha daftari la kwanza. Ndilo wanalotupiwa watu waliotoka nje, na halina pembe nzuri ya kulishikia. Kamati ilikuwa na utaratibu wake kwa mambo hayo: watoto wanakaa kwenye duara, mtukanaji anachora njiwa, mtukanwa anasema amesamehe, na wote wanapewa stika.

Ma Nkosi hakuwa na stika. Alimwita mtukanaji mbele ya darasa akamwambia, "Neno ulilosema ni takataka, na bibi yako atalisikia leo kutoka kwangu. Sasa shika mkono huu wa sufuria, mwenzako ashike ule." Lilikuwa sufuria la chakula cha shule, kubwa, la moto, la kubebwa na watu wawili kutoka jikoni mpaka darasani kwa kupanda ngazi. Likimwagika darasa zima linashinda na njaa, na darasa zima linajua ni nani kamwaga. Aliwabebesha sufuria lile mpaka wakajua kupanda ngazi kwa hatua moja, kama mtu mmoja. Nilimwuliza kama aliwahi kuwauliza wamejisikiaje. Akanitazama kama niliyeuliza sufuria limejisikiaje.

Hilo nimelibeba, nanyi libebeni. Na jingine nililojifunza kwake ni kusimama getini wakati wa kwenda nyumbani. Msimwulize mtoto mbele ya wenzake, unatoka wapi. Hata kama mnauliza kwa tabasamu, swali lile linamwondoa kwenye kiti chake na kumsafirisha. Simameni getini mtazame anaondoka na nani. Mwenye mtu wa kutembea naye mpaka kona, mwacheni, yuko salama. Anayefunga kamba za viatu mara nyingi ili wenzake watangulie, huyo ndiye wa kushughulika naye.

Aline alikuwa anafunga sana kamba za viatu.

Alikuwa msichana wa darasa langu, mrefu, mwenye macho ya kutazama kila kitu. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Aline, alitoka Bukavu, na anasuka nywele kwenye kibanda karibu na soko la Yeoville. Aline mwenyewe alizaliwa hapa hapa, hospitali ile ya kilimani, na Kizulu chake kilimfanya Ma Nkosi amwite awasomee wengine. Pamoja na hayo, kila mwaka mpya wa shule alisimamishwa mbele ya halaiki na watoto wengine wenye majina ya mbali, shule nzima ikawaimbia wimbo wa kuwakaribisha Afrika Kusini. Alikaribishwa tangu darasa la kwanza. Alipofika la tano alikuwa ameujua wimbo ule, akawa anauimba pamoja na wale wanaomkaribisha.

Lakini wimbo si kitu. Kilichomuumiza Aline ni polishi.

Jengo letu ni la zamani, lenye ubaraza mrefu wa saruji nyekundu, na Ijumaa baada ya masomo wasichana na wavulana wa darasa la tano hupiga ubaraza ule polishi. Ni kazi yenye desturi zake. Unapaka polishi kwa kitambaa, nyembamba, unaacha ikauke, unasugua kwa brashi umepiga magoti, halafu mnapanda juu ya vipande vya blanketi kuukuu na kuteleza huku na huku mpaka ubaraza ung'ae. Mnaimba, mnasengenya, mnaangushana, mnasukumana. Kiongozi wa kazi mwaka ule alikuwa Nomvula, mtoto wa mtaa wa pili, mdogo wa umbo na mkali kuliko mwalimu yeyote niliyefanya naye kazi. Urafiki wote wa darasa langu ulitengenezwa pale. Nani atakaa na nani Jumatatu, nani ataalikwa siku ya kuzaliwa, nani kanuniwa na kwa nini, yote yaliamuliwa juu ya blanketi.

Basi mwaka uliotangulia, Aline akiwa bado darasa la nne, kulitokea baba mmoja, mfanyabiashara, mgeni wa nchi hii, aliyepita akamwona mwanawe amepiga magoti. Akaingia ofisini akasema hakuvuka mipaka yote ile ili mtoto wake awe mtumishi wa watu. Alisema kwa sauti. Bi Naidoo hakulala, na kamati ikaitishwa haraka. Wakaona kweli, picha ikipigwa, mtoto wa kigeni na brashi, tutaonekanaje? Ikapitishwa kwamba watoto wenye wazazi wa kutoka nje wasishike ufagio, brashi wala kitambaa katika shule yetu. Mpango ukaitwa Mpango wa Heshima. Mimi mwakilishi wa bara zima nilipinga. Nilisema mnawafanya wageni watoto waliozaliwa kilimani pale. Wakanishukuru kwa kuwashirikisha hisia zangu, wakapiga kura.

Tangu hapo, Ijumaa wenzao wakipiga polishi, watoto wa Mpango wa Heshima walipelekwa maktaba. Walipewa juisi, na ramani ya Afrika wapake rangi nchi yao. Aline alipaka Afrika Kusini rangi ya kijani, vizuri, bila kutoka nje ya mstari. Mwalimu wa maktaba alimpa ramani nyingine safi na kumwonyesha Kongo iko wapi.

Na Bi Naidoo, kwa kutaka kuikamilisha kazi, aliwatangazia watoto wengine halaikini kwamba wenzao hawa wamepitia mengi, wasisemwe vibaya, wasikaripiwe, wasilaumiwe. Watoto wakatii, maana walikuwa watoto wazuri. Mimi nikayaona matunda yake darasani kwangu. Mtoto mwingine akivunja rula ya mwenzake kunalipuka vita. Aline akivunja, anaambiwa haidhuru. Akichelewa kurudisha mpira, wanangoja. Akikosea kwenye kazi ya kikundi, wanafuta wenyewe na kuandika upya, kwa adabu, bila kumtazama. Nimewaona watu wanavyokaa na mjumbe wa ubalozi kwenye harusi. Ndivyo walivyokaa na Aline.

Mama Aline alikuja kuniona akiwa bado na kitana kichwani. "Mwalimu, mutoto anarudiaka nyumbani na kulia," akaniambia. "Anasema benzake banapiga polishi, yeye anabakia kule na juisi. Juu ya nini? Iko na ugonjwa?"

Nilimweleza Mpango wa Heshima. Nilijaribu kuueleza vizuri, lakini kuna mambo ambayo ukiyasema kwa Kiswahili yanavuliwa nguo.

"Heshima ya nini?" akasema. "Nyumbani anaoshaka sahani zote. Sikia, mwalimu. Muyomba wake iko Midrand, analindaka nyumba za batajiri. Kule kuko masomo ingine. Ijumaa inayokuja nitakuya kumwambia mukubwa wa masomo, ninamutoa." Masomo kwao ni shule, na muyomba ni mjomba.

"Na Aline anataka kwenda Midrand?"

"Hapana. Lakini hapa pia hayuko."

Nilikwenda kwa Bi Naidoo nikamwomba Aline arudishwe kwenye polishi. Akasema ananielewa sana, ila Ijumaa hiyohiyo anakuja mtaalamu wa kutukagua, tusibadilishe kitu kabla hajaona. Kwa hiyo hatima ya mtoto wangu ikawa inamngoja mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa Bi Wairimu, Mkenya wa kampuni moja ya Sandton, kijana, mchangamfu, amevaa suruali nyeupe. Angalieni jambo hilo, suruali nyeupe kwenye shule ya msingi, nanyi mtajua ni mtu wa mikutano. Asubuhi aliendesha duara darasani kwangu. Watoto walirushiana bonge la uzi, na kila anayelipata amwambie anayemfuata, nakukaribisha katika nafasi yetu. Bonge likamfikia Aline. Aliyemrushia akamwambia nakukaribisha. Aline akaushika uzi, akamtazama Bi Wairimu.

"Ma'am, wote tumetoka darasa la nne pamoja," akasema. "Ananikaribisha wapi?"

Bi Wairimu alicheka, akaandika kitu kwenye simu yake. Nilimpenda kidogo hapo.

Mchana, mgeni akawa ofisini na skonzi na chai, watoto wa heshima wakawa maktaba, na Nomvula na kundi lake wakawa kwenye ubaraza. Aline aliomba ruhusa ya kwenda msalani, akapita msalani bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwenye polishi. Mimi nilikuwa dirishani nasahihisha, nikamwona. Sikumwita. Nilitaka kuona.

Alichukua kopo na kitambaa, akapiga magoti pembeni, mahali pa kuingilia. Watoto wote wakanyamaza. Hawakumfukuza. Lakini pia hapakuwa na hata mmoja aliyemwambia inavyofanywa, kwa sababu walikuwa wamekatazwa kumsema na hawakuwa na mazoea ya kumwambia kitu. Aline alikuwa amewatazama wenzake kwa mbali tu, kupitia dirisha la maktaba, na kwa mbali huwezi kuona polishi ni nyembamba kiasi gani. Akaichota kama jemu. Akaipaka kama jemu juu ya mkate, nene, nyekundu, ya kung'aa. Nomvula alisimama juu yake ameuma midomo, mikono kiunoni, macho yamemtoka, na adabu yake ikamfunga. Mngemwona mtoto yule mngemhurumia. Nilinyanyuka nikatoka, lakini nilikuwa nimechelewa, kwa sababu Bi Naidoo alikuwa anamleta mgeni kuona ukuta wa mikono.

Bi Wairimu alikanyaga polishi kwa kiatu cha kisigino. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, akamshika Bi Naidoo bega, akamwachia, akakaa. Alikaa katikati kabisa. Suruali sitaieleza.

Bi Naidoo akageuka na sauti ambayo tulikuwa tumesahau kama anayo. "Nani kaweka polishi hii?"

"Ni mimi, Ma'am," Aline akasema.

Wanangu, nimeona nyuso nyingi zikibadilika, lakini ile sijapata kuiona tena. Hasira ilikuwa tayari njiani, ikakutana na sera, ikageuka. "Oh, Aline, mpenzi," akasema Bi Naidoo. "Hili si kosa lako. Ni sisi tuliokuweka katika hali ngumu." Kisha akawageukia wengine. "Nyinyi wote mtabaki hapa kuikwangua sakafu yote na kuipiga upya. Nomvula, Lerato, Tumi, Ayanda, wote."

"Ma'am," Aline akasema, "umenisahau."

"Hapana, mpenzi, sijakusahau. Wewe rudi maktaba ukanywe juisi yako."

Aline hakuondoka. Sijawahi kumwona akilia shuleni, hata siku za mji kuchafuka. Hapo alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto mdogo kabisa, na wenzake wakageuza nyuso pembeni kama walivyozoezwa. Nilishikwa na hasira. Nilikuwa nafungua mdomo nipoteze pensheni yangu, Bi Wairimu akaniwahi, akiwa bado amekaa chini. Aliniambia kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichomtoka.

"Mwalimu, kwani hapa mtoto akikosea hakuna mtu humgombeza? Si mnaona suruali yangu?"

"Ni Mpango wa Heshima," nikamjibu, nikamweleza kwa ufupi.

Alinisikiliza. Akatazama mikono yake, nyekundu mpaka vifundo. "Sisi boarding," akasema, "kulikuwa na msichana mmoja, baba yake alikuwa mkubwa, hakuwa anaosha choo. Hakuna mtu alikuwa anaongea na yeye. Miaka yote." Akaninyoshea mkono. "Na mimi ndio huandikia mashule hizi sera za kulinda watoto. Ebu nisaidie kuinuka."

Nikamwinua. Bi Naidoo alikuwa anatutazama mmoja mmoja, akijua kuna jambo limepita karibu yake kwa lugha asiyoijua. Sikumngoja aulize.

"Nomvula," nikasema, "wewe ndiye mkubwa wa kazi hii. Mwambie Aline polishi inapakwaje."

Nomvula alimtazama mkuu wa shule. Akanitazama mimi. Nikamwitikia kwa kichwa. Basi likapasuka.

"Hayi, wena Aline!" Na kutoka hapo ni Kizulu tupu, cha shangazi aliyeolewa na kuachika, kwenye mdomo wa mtoto wa darasa la tano. Kwamba nani alimwambia polishi ni jemu. Kwamba kopo zima limekwisha, na wiki ijayo watapaka nini, mate? Kwamba ameingia kazini bila hata kusalimia watu. Aline aliacha kulia. Akajifuta machozi kwa mkono wenye polishi, uso ukawa mwekundu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akainua sauti.

"Sasa mbona hukuniambia? Ulikuwa umesimama hapo!"

"Ningekuambiaje," Nomvula akasema, "na wewe huambiwi kitu?"

Hapo wote wakaanza kusema pamoja. Kila mmoja alikuwa na lake aliloliweka. Lerato alidai rula yake iliyovunjwa muhula uliopita. Tumi akakumbushia mpira. Aline akamjibu kila mmoja, akakataa mengine, akakubali mengine, akamwita Tumi mwongo. Zilikuwa kelele tupu, na mimi nilisimama pale na machozi yananitoka bila aibu, na Bi Naidoo akanipa kitambaa akidhani ni kwa ajili ya suruali ya mgeni. Nomvula alipochoka alimtupia Aline brashi ya kukwangulia. "Anzia huko ulikomwaga. Na usisimame mpaka niseme."

Aline aliidaka. Nimeona watoto wakikimbilia ice cream kwa mwendo wa pole kuliko ule.

Mama Aline aliingia getini wakati jua limeshalala kwenye mabati. Alikuja kama alivyosema, amevaa vizuri kwa ajili ya ofisi, tayari kumwondoa mwanawe. Bi Naidoo alimkimbilia, akaanza kuomba radhi kwamba mtoto ameonekana na brashi, kwamba ni jambo la dharura, kwamba mpango bado upo. Mama Aline alimpita kama anavyopita watu wa kugawa vipeperushi. Akasimama ukingoni mwa ubaraza. Binti yake alikuwa amepiga magoti katikati ya wenzake, sketi imeharibika, na Nomvula alikuwa anamwonyesha kwa kidole mahali alipopasahau.

"Aline," akaita. "Kuya, tuende."

Aline hakuinua kichwa. Alimjibu kwa Kiingereza, kama anavyomjibu siku zote. "Subiri, Mama. Hatujamaliza."

Mama Aline alinisogelea. Alisema polepole, asisikike na watoto. "Ni yeye alifanya ile bubaya?"

"Ndiye," nikasema.

"Na banamukaripia?"

"Sana. Tangu mchana."

Akatazama tena. Kisha akaushusha mkoba wake begani, akauweka chini mahali pakavu, akakaza kitenge chake kiunoni, akangoja.